Kupungua kwa Tembo

Barua ilipigwa muhuri mara mbili, na kichwa chake kiliandikwa kwa herufi kubwa: KUHUSU KUPUNGUA KWA TEMBO. Chini yake Meneja Utawala alieleza kwamba imeonekana na uongozi kuwa tembo aliyeko mbele ya ofisi kuu amekuwa akipungua mwili kwa miezi minane mfululizo bila taarifa yoyote kutolewa, na kwamba watunza bustani wote wawili wanatakiwa kujieleza kwa maandishi ndani ya siku saba.

Watunza bustani wote wawili ni mimi na baba yangu. Tembo mwenyewe ni mti. Tena si mti mmoja, ni misaipresi minne, mmoja kwa kila mguu, ambayo baba aliipanda mwaka niliomaliza shule ya msingi. Ilipofika kimo cha kifua akaifunga kwa waya, kisha akaipogoa miaka sita mpaka matawi yakashikana juu na kuwa mgongo. Mkonga umelazwa juu ya nondo iliyopindwa. Masikio yameshikiliwa na seng'enge. Kampuni yetu ni ya bima, na tembo ndiye nembo yake: yumo kwenye barua, kwenye kalenda, kwenye vikombe vya chai, na kwenye ule muhuri uliogongwa mara mbili. Wenzetu wa ghorofani wanauza ahadi, sisi huku chini tunakata tembo.

Kuna jambo moja kuhusu mnyama wa majani ambalo lazima nilieleze, maana watu huja pale, hupiga picha, halafu huniuliza kama hiyo nayo ni kazi. Ukijani wake ni ngozi tu. Unene wake ni shubiri moja, ukizidi sana shubiri na kidole. Ndani hamna kitu ila vijiti vikavu na viota vya ndege. Kwa hiyo sisi tunaweza kupunguza, hatuwezi kuongeza. Mchonga mawe naye hawezi kuongeza, lakini jiwe lake angalau halioti. La kwetu linaota kila siku, tunalikata kila Jumatatu, na siku mkono ukizidi ukapita ukijani ukafika kwenye vijiti, pale pamekwisha. Msaipresi haurudishi jani kwenye kijiti kikavu. Unasubiri matawi ya jirani yatambae yafunike, na hiyo ni miaka mitatu kama Mungu yuko upande wako.

Baba anayajua haya kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyenifundisha. Ni mtu mfupi, si msemaji, na mimi ananiita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Mtu asiyezoea hujiuliza kwa nini mzee wa watu anamwomba mama yake amshikie ngazi.

Macho yake yalianza kuharibika mwaka jana. Mimi nimepanga chumba mtaa wa pili kutoka kwa wazazi, na Jumapili huwa nakwenda kula kwao. Jumapili moja baba alimimina chai pembeni ya kikombe, akamimina kwa utulivu kabisa mpaka ikafika ukingo wa meza. Akasema birika limeharibika mdomo. Mama akanunua birika jingine. Wiki iliyofuata nalo likaharibika mdomo. Kisha kazini, asubuhi moja, alipita mapokezi akausalimia mtungi wa maji ya kunywa, akauuliza na habari za nyumbani. Dada wa mapokezi akajibu kwa niaba ya mtungi kwamba nyumbani hawajambo.

Ilikuwa mtoto wa jicho. Huhitaji udaktari kuliona: jicho la kushoto lilikuwa na wingu jeupe katikati. Nikamwambia aende hospitali. Akasema atakwenda. Baba akisema atakwenda, hapo ujue mazungumzo yamefungwa.

Basi ubovu wa macho ukahamia kwa tembo. Nilianza kuona kwamba kila baada ya Jumatatu, upande wa geti unabaki mwembamba kuliko upande wa maegesho ya magari. Nilimchungulia baba akifanya kazi nikaelewa. Anasimama katikati ya njia, anafinya macho, anapima. Nyuma ya ubavu wa geti kuna barabara na mwanga mwingi, kwa hiyo ubavu ule anauona wote. Nyuma ya ubavu wa maegesho kuna kivuli cha jengo, na kwa macho yale majani na kivuli ni kitu kimoja. Ubavu mmoja anauona mzima, mwingine anauona nusu. Hivyo kila siku ule wa geti anauona umejaa, na anaupunguza.

Ningesema. Lakini kampuni yetu ina utaratibu wake, na mtunza bustani asiyeona angestaafishwa wiki hiyohiyo, akapewa saa ya ukutani yenye picha ya tembo, akakae nyumbani akipigana na birika. Baba huwa anatoka saa nane mchana kwa sababu ya umri. Mimi nabaki mpaka saa kumi na nusu. Nikakata shauri. Kila Jumatatu saa tisa, watu wa ghorofani wanapokuwa wameshiba na wanasinzia, naweka ngazi upande wa maegesho na kuupunguza ulingane na ule wa geti. Nusu kidole tu. Nafagia, nachukua toroli, namwaga taka, na hakuna anayejua. Nilijiona mtoto mwema sana. Niseme ukweli, nilikuwa natembea kifua mbele.

Kilichonishangaza ni kwamba Jumatano upande wa geti ulikuwa mwembamba tena. Naulinganisha upande wa maegesho, wa geti unakonda tena. Nikatafuta mchawi, nikampata: ile mashine ya kupoza hewa ya ghorofa ya kwanza, inayodondosha maji karibu na mguu wa nyuma. Nikasema maji yale ndiyo yanayodumaza mti. Nikaelekeza bomba kwingine, nikaweka samadi toroli mbili. Upande wa geti ukaendelea kukonda.

Mwezi wa tano tembo alikuwa na mwili wa ng'ombe. Mwezi wa saba alikuwa na mwili wa ng'ombe ila masikio yalikuwa yaleyale, na hilo lilimfanya aonekane kama mtu anayesikiliza habari mbaya. Dada wa mapokezi alisema wateja wanamuuliza kama kampuni iko salama. Mmoja alikuja na mkataba wake mkononi, akasimama mbele ya tembo kwa muda, kisha akaenda kumuuliza Meneja Utawala kama kuna jambo ambalo wateja hawajaambiwa. Ndipo ikaja barua.

Barua ilitaka tarehe. Tembo alikatwa lini, na nani, mara ngapi. Mimi sikuwa nimeandika tarehe yoyote, mhalifu gani anaandika? Nikaenda getini kumwomba mlinzi kitabu cha kuingia na kutoka, ili nibuni tarehe zinazoshabihiana na ukweli. Mlinzi wetu tunamwita Afande. Ni mtu mwenye sura moja tu, anaitumia kwa mambo yote. Akanipa kitabu, nikaanza kufunua. Nikaona sahihi ya baba, Jumanne, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Baba na mimi tunaingia kazini saa moja na nusu. Nikafunua Jumanne nyingine. Saa kumi na mbili na dakika kumi. Jumanne nyingine, hivyohivyo, na Alhamisi pia. Miezi minane yote.

"Afande," nikamwambia, "baba anafanya nini hapa saa kumi na mbili?"

"Anakata tembo."

"Upande gani?"

"Huu wa kwangu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Akafikiri kidogo. "Yeye naye hajaniuliza wewe huwa unafanya nini saa tisa."

"Angekuuliza je?"

"Ningemwambia. Mimi sina siri na mtu."

Niliegemea geti. Sasa hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtu mjinga kama mimi. Baba anakata Jumatatu, anapunguza upande wa geti kwa sababu hauoni mwenzake. Mchana mimi napunguza upande wa maegesho uufuate. Alfajiri ya Jumanne yeye anakuja, anapapasa, anakuta upande wa maegesho umeguswa na kwa macho yake ndiyo umekonda zaidi, anarudi kupunguza wa geti. Mimi nakuja kulinganisha. Yeye anakuja kulinganisha. Watu wawili wenye nia njema, na mikasi miwili mikali, tumemla tembo mzima.

Kilichobaki ni kujua kwa nini. Baba hajawahi kuwa mtu wa kazi za siri. Nikaenda nyumbani mchana uleule, nikamkuta amelala na mama anachambua maharage barazani.

"Mama, kwa nini baba huwahi kazini siku ya Jumanne?"

"Huenda kusahihisha."

"Kusahihisha nini?"

"Makosa yako," akasema, akatupa jiwe dogo uani.

Nikamwambia sijaelewa. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na kadi ya hospitali aliyoitoa kwenye kabati la sahani. Ilikuwa na tarehe ya upasuaji wa jicho, imekatwa kwa kalamu. Chini yake tarehe nyingine, imekatwa. Chini yake nyingine, imekatwa. Ya nne ilikuwa bado nzima. Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili kutoka siku ile.

"Daktari alimwambia akishafanyiwa hatainama wala kushika mkasi wiki sita," mama akasema. "Baba yako akauliza, wiki sita tembo atabaki na nani? Nikamwambia si na mwanao. Akasema mwanangu bado. Anasema ukiachwa peke yako na tembo mchana mmoja tu, unamkata upande mmoja. Nikasema labda ni bahati mbaya. Basi akawa anakwenda Jumanne kuangalia kama umejua, na kila akienda anakuta umekata upande mmoja. Anasahihisha, anarudi, anaghairi hospitali."

"Na mbona asiniambie mimi?"

Mama akanitazama kwa huruma. "Akwambie wewe?"

Miaka mitatu iliyopita baba alinisahihisha kona ya ua wa michongoma mbele ya dada wa mapokezi. Nilitupa mkasi kwenye bwawa la samaki na sikumsemesha wiki tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Hasira zangu zinajulikana, na kwetu sisi watu wamejifunza kuzizunguka kama wanavyozunguka shimo barabarani.

"Jicho la kulia nalo limeanza," mama akasema. "Daktari amesema safari hii akighairi, tusije tukamlaumu yeye daktari."

Nilikaa pale barazani nikaona aibu, halafu hasira, halafu woga, na woga ndio uliobaki. Mimi niliyejidhania namfichia baba upofu wake, ndimi niliyekuwa namrefushia. Kila mchana niliopanda ngazi kwa wema wangu, nilikuwa namsogezea mbele tarehe. Ningekaa tu bila kufanya chochote, ningelala usingizi saa tisa kama watu wa ghorofani, baba angekuwa ameshapona miezi sita iliyopita.

Kumwambia ukweli nilikufikiria. Nilikufikiria siku mbili nzima. Kwamba baba, anayekata vibaya ni wewe. Lakini hizi hasira zangu sikuziokota njiani. Baba aligombana na jirani kuhusu mpaka nikiwa chekechea, na mpaka leo hapiti njia ile, anazunguka kwa nyuma. Ningemwambia ameharibu tembo wake kwa mkono wake mwenyewe, angetundika mkasi ukutani siku hiyo na hospitali asiende, kwa sababu angejiuliza anakwenda kurudisha macho ya kutazamia nini. Labda nakosea. Lakini tarehe ilikuwa moja, na mimi sikutaka kucheza kamari na jicho la mtu.

Nikaandika maelezo yangu na ya baba kwa pamoja. Nilisema tembo amepungua kwa kuwa mimi, mtunza bustani msaidizi, nilimkata mara kwa mara bila kibali na bila ujuzi wa kutosha, na kwamba mtunza bustani mkuu hahusiki. Nikaomba nifundishwe upya. Meneja Utawala akaisoma barua mara mbili, mbele yangu, akifuata mistari kwa kucha.

"Unaomba kufundishwa. Una cheti wewe."

"Ndiyo."

"Utafundishwa na nani?"

"Na baba. Mimi nikate, yeye asimamie. Jumatatu mbili zinatosha."

"Na tembo atanenepa?"

"Atanenepa. Baada ya miaka mitatu."

Akachukua kalamu akaandika pembeni: Atanenepa. Akanipa barua ya onyo, nikaitia sahihi.

Baba nilimwambia kwa kifupi. Nilisema nimegundua sijui kukata upande wa maegesho, na naomba anisimamie. Akasema si vibaya kwa mtu kujifunza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumwona akiwa mwepesi hivyo. Aliimba akinoa mikasi.

Jumatatu ya kwanza akageuza ndoo, akaketi katikati ya njia, akafinya macho. Mimi juu ya ngazi. Ghorofani madirisha yalikuwa yamejaa vichwa, maana habari ya barua ya onyo ilikwishapanda ngazi kabla yangu.

"Upande wa geti," baba akasema. "Bado umejaa."

Niliutazama. Haukuwa umejaa. Ukijani uliobaki ulikuwa vidole viwili, na nyuma yake niliviona vijiti kama unavyoona meno ya mtu anayekaribia kucheka. Nikakata.

"Bado."

Nikakata. Mkasi ukatoa ule mlio mkavu ambao mkata miti yeyote akiusikia husimamisha mkono. Jani likaanguka na nyuma yake pakabaki kahawia.

"Na sikio lake hilo, literemshe."

Sikio lile alilifuma yeye, kwa vidole, tawi moja moja, miaka minne. Nililiteremsha. Dada wa mapokezi alitoka nje na kikombe chake, akasimama chini ya ngazi.

"Dada, mbona huku umeshamaliza kabisa na kule bado?" akauliza.

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamjibu.

"Mwache afanye kazi," baba akasema kutoka kwenye ndoo. "Anajifunza."

Vichwa vya ghorofani vilicheka. Mimi, ambaye niliwahi kutupa mkasi bwawani kwa sababu ya kona moja ya michongoma, nikakata sikio la tembo mbele ya kampuni nzima, nikijua kila jani ninalolikosea. Kama kuna dakika niliyotaka kushuka na kwenda zangu, ni ile. Nikaihesabu Alhamisi kichwani, nikaendelea.

Kisha baba akainuka, akaja kupapasa. Hapo nilikuwa sijajiandaa. Kiganja chake kilipita mgongoni, kikateremka ubavuni, kikasimama juu ya vijiti.

"Hapa pakavu," akasema.

"Samadi, baba. Niliweka nyingi. Imeunguza."

"Kiasi gani?"

"Toroli mbili."

Akashusha pumzi. "Mama, msaipresi hauwekewi samadi namna hiyo. Hilo nilikufundisha."

"Nilisahau, baba."

"Usisahau tena."

Jumatatu ya pili tulifanya vilevile. Jumanne alfajiri alikwenda, Afande alinithibitishia, akapapasa, akazunguka mara mbili, akarudi nyumbani bila kutoa mkasi kiunoni. Saa nne alinikuta napalilia njia. Akasema, "Sikupata cha kurekebisha. Sasa umejua." Alhamisi mama akampeleka hospitali, na safari hii kadi haikukatwa.

Wiki sita nilibaki peke yangu. Sikujaribu kumtengeneza tembo, kwa sababu hakukuwa na namna. Kumlinganisha kungekuwa ni kuumaliza upande wa maegesho nao ufike kwenye vijiti, tubaki na misaipresi minne iliyofungwa waya. Nilimpunguza ncha tu. Upande mmoja alikuwa tembo, upande mwingine alikuwa kama amelala juu ya ubavu ule mwaka mzima bila kugeuka. Meneja Utawala alitoa agizo kwamba wageni wote waingilie upande wa maegesho. Afande alikabidhiwa mshale wa mbao wa kuwaelekeza, akaushika kwa ile sura yake moja.

Jumapili nilikwenda nyumbani kama kawaida. Baba alikuwa amevaa miwani myeusi, anamimina chai ndani ya kikombe. Aliniuliza tembo anaendeleaje. Nilisema anaendelea. Jumapili sita niliulizwa swali lile, na mara sita nilijibu vilevile, na kila Jumapili chakula kilikuwa kigumu zaidi kumeza. Kwa maana jicho nililolipigania ndilo litakaloona nilichofanya ili kulipata. Hilo sikuwa nimelifikiria vizuri nilipokuwa barazani.

Baba alikuja Jumatatu, bila kunitaarifu, saa nne kasoro, na kofia mpya. Afande alimwonyesha mshale wa kwenda maegesho. Baba akaupita, akaingia geti kubwa kama alivyozoea miaka yote. Nilikuwa juu ya ngazi upande wa pili, nikasikia hatua zake zinasimama.

Nikashuka. Sikuwa na pa kwenda.

Alivua miwani. Wingu halikuwepo. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo na yalikuwa yanaona, kila kitu, ungeweza kuona yanavyofanya kazi: mguu, ubavu, mgongo, sikio.

"Nani amekata sikio hili?" akauliza.

"Mimi."

"Siku ile niliyokaa kwenye ndoo."

"Ndiyo, baba."

Akazunguka. Akaenda upande wa maegesho, akasimama pale muda, akarudi. Akaweka kiganja juu ya vijiti vya ubavuni.

"Hii si samadi."

"Hapana."

"Na ile michana, ulikuwa unakata upande ule ili uufuate huu wangu."

"Ndiyo."

Midomo yake ilitembea. Alikuwa anahesabu Jumatatu. Nilikuwa nimeandaa la kusema, wiki sita niliandaa, kuhusu umri na kuhusu kivuli cha jengo na kwamba si kosa la mtu, na lote likanitoka kichwani.

"Kwa hiyo nilikwambia punguza hapa," akasema, "na ulikuwa unaona kwamba pamekwisha."

"Niliona."

"Ukakata."

"Ungeghairi tena, baba. Tarehe ilikuwa Alhamisi."

Akatazama juu, kwenye madirisha. Vichwa vilikuwepo, havikosi.

"Na hawa walikuwa hapo."

"Walikuwepo wote."

Nikasubiri avue mkasi kiunoni, autupe anapotaka, na nilishajiambia kwamba akiutupa bwawani nitaingia kuutafuta. Hakuuvua. Alilishika lile sikio, au kilichobaki, akalikunja kidogo kuelekea nyuma, akaliachia.

"Wewe unakata vizuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya bomba lililopasuka. "Hujawahi kukata vibaya hivi maisha yako yote. Ni mimi niliyekosea kusema bado."

Miaka tisa nimefanya kazi na baba yangu, sikuwahi kusikia kwake neno hilo, unakata vizuri, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba silihitaji. Nilianza kulia palepale, na mkasi mkononi, kwa sauti, kama mtoto aliyepotezana na mamaye sokoni.

"Usilie, mama," baba akasema. Alikuwa ameinua uso juu, anatazama mawinguni, hapepesi. "Ukilia na mimi nitalia, na daktari amesema nisilie, dawa itatoka."

Basi nikalia peke yangu, kwa niaba ya wote wawili, mpaka Afande akaacha mshale wake akatuletea kiti.